Meneja ananizidi mshahara mara ishirini, nifanyeje?

MtuWaNaka: Wadau nisaidieni, siku ya tatu silali. Niko shamba la maua Naivasha, supavaiza pakhausi, pale maua hupangwa na kufungwa, nachukua 31,000 kwa mwezi. Juzi nimeenda kutoa oda kwa printa nikakuta pesilipu ya meneja wetu Mholanzi imelala hapo, 640,000, nyumba na gari bado. Niache kazi ama niende HR?

Ja_Kondele: Kiwanda cha sukari nilikaa miezi minne bila mshahara nikichoma mahindi stejini. Wewe 31 inaingia na unalia.

Mama_Pipeline: Kijana, cha mtu usikitolee macho. Omba Mungu.

KaraniMstaafu: Sheria ya Ajira ya 2007 inadai malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa, sasa yako na ya meneja si moja, hapo hutoboi. Hata Uswisi 2013 walipigia kura wazo kwamba bosi asipite mara 12 ya anayelipwa kidogo zaidi kwa kampuni hiyo, karibu thuluthi mbili wakakataa. Pesilipu uliiacha hapo?

MtuWaNaka: Niliiacha.

KaraniMstaafu: Ukaiacha tu?

MtuWaNaka: Sawa nilipiga picha. Nikatumia mtu mmoja tu, yule mama alinifunza kupanga maua kwa urefu wa shina nikiwa mgeni, miaka tisa na bado ako 14,800. Sikujua ataiweka kwa grupu ya magreda, wale wenzake wa kupanga maua. Na barua ya kuacha kazi nishaandika so msiniambie nibaki.

KaraniMstaafu: Kumbe huyo mama unamzidi mara mbili, na hiyo haikukunyima usingizi.

MtuWaNaka: Mzee mimi nina diploma! Maua yakikataliwa ni mimi naitwa. Mara mbili ni haki, mara ishirini ni wizi.

Ja_Kondele: Diploma ya kupima shina 😂😂

Popo_wa_Lanet: Ngojeni kwanza. Pesilipu ya meneja kwa printa ya pakhausi? Na mwezi wa pili si ni wewe ulikuwa kiwanda cha samaki Kisumu unalipwa na vichwa vya mbuta? Hii ni hekaya.

MtuWaNaka: Ule uzi ni wa kaka yangu, tunatumia simu moja.

Ja_Kondele: Kaka 😂 Mimi hiyo ya vichwa vya mbuta naiamini kuliko hii.

Mama_Pipeline: Hadanganyi. Dada yangu ni greda huko, hiyo picha alinitumia jana usiku. Kidole gumba kimeingia pembeni, kina plasta.

MtuWaNaka: Plasta ni ya mwiba. Mathe tafadhali futa hiyo komenti.