Unamzushia mtu wizi halafu unasema "ni umbea tu"? Tuheshimiane!

Wakuu,

Nimechoka na hii kauli ya "ah, ule ulikuwa umbea tu". Kuna mtu kazini kwetu amesambaza kwamba nimekula hela za kikundi. Mweka hazina ni mimi. Taarifa ya benki ipo, kila aliyetaka kuiona ameiona, hakuna hata senti iliyopungua. Nilipomfuata akacheka: "Wewe naye! Umbea wa ofisini unauweka moyoni?"

Umbea? Umbea ni kusema nimeachana na mwenzangu, na kweli tumeachana. Ni kusema nadaiwa, na kweli nadaiwa. Inauma, na hakuna aliyekutuma kuyatangaza, lakini angalau hujanitungia. Ukisema nimeiba na sijaiba, umenisingizia. Huo ni uzushi, na haugeuki kuwa umbea eti kwa sababu uliusema kwa kunong'ona huku unacheka.

Tena jambo lenyewe si geni. Katika Sahih Muslim imo hadithi ambayo Mtume aliulizwa: je, kama ninalolisema juu ya ndugu yangu kweli analo? Akajibu kwamba kama analo umemsengenya, na kama hana umemzulia. Yote mawili ni dhambi, ila hayakuwekwa kapu moja. Hata kwenye sheria za kashfa zenye asili ya Uingereza, aliyeshtakiwa akithibitisha kuwa alichosema ni kweli, kwa kawaida amepona. Ila "nilisikia tu kwa watu" haimwokoi mtu, maana anayerudia kashfa huhesabiwa kama ameisema mwenyewe.

Kinachonichefua zaidi ni ufundi wake. Nimeonyeshwa ujumbe: "Jamani mimi sijui, ila wanasema mweka hazina kanunua simu mpya, na hesabu za michango hatuzioni. Msinitaje." Simu nimenunua kweli, kwa mshahara wangu! Anachukua kaukweli kadogo, anakalaza ubavuni mwa uongo, kuunganisha anakuachia wewe unayesoma. Neno "mwizi" hajalitamka popote. Na hao "wanasema" ni akina nani? Nimeuliza mmoja mmoja: huyu kasikia kwa yule, yule kasikia kwa huyu.

Halafu wanakuja wazee wa "lisemwalo lipo, kama halipo laja". Laja wapi? Nianze kuiba ili maneno yenu yatimie? (Methali hii imekuwa kichaka cha wazushi, bora mtu aistaafishe.)

Msiniambie litapoa. Habari ya kuachwa kwangu ilipoa, watu wakahamia kwa mwingine. Hili la wizi limeganda. Kikao kilichopita mwanachama mmoja kahesabu upya hela nilizokwisha kuhesabu, noti moja moja, mbele ya wote, tena huku ananiomba radhi: "Si kwamba sikuamini, mkuu." Wengine wakainamia simu zao.

Nimemtaka mhusika akanushe palepale aliposambaza, kwa jina lake. Hataki. Yuko tayari kuniomba msamaha pembeni, wawili tu, anadai nikimlazimisha hadharani nitakuwa "namdhalilisha". Yaani kanivua nguo mbele za watu, shuka aniletee chumbani!

Wanasheria humu, nisaidieni: ule ujumbe wa "wanasema" unatosha kuwa ushahidi, au nitafute na walioupokea waje kusema waliuelewaje? Wale wa "mpuuze tu mkuu", tafadhali piteni kimya.