Tupeane uzoefu: raha na karaha za gemu, na jinsi ya kujua nani kakufunga

Mwanzisha mada
Wadau, tukusanye hapa karaha za gemu pamoja na dawa zake. Ipo karaha ya kufungwa kwa kosa lako. Hiyo ndiyo inayozaa raha, maana ukishaliona kosa, mechi inayofuata unalirekebisha. Ipo na ya kufungwa na kifaa: pedi (kidude cha kuchezea mkononi), TV, mtandao, umeme. Hiyo haikufundishi kitu, ni ya kutengeneza tu. Kila mtu aeleze anachokijua, kwa vipimo.

Fundi Pedi
Mchezaji akitembea mwenyewe wakati dole gumba haliko kwenye analogi (kile kijiti cha kumwongozea), angalia vile visanduku viwili vidogo ubavuni mwa analogi. Ndani yake kuna ulimi wa chuma unaoteleza juu ya utepe wa kaboni. Utepe ukilika au ukiingia vumbi, pedi inasoma kwamba umesukuma.

Kwa DualShock 4 (pedi ya PS4), fungua skrubu 4 za nyuma, achanisha taratibu usikate waya bapa unaounganisha sehemu ya chaji na bodi, kisha chomoa betri. Dondoshea matone mawili matatu ya spiriti ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu, zungusha analogi mara 20 au 30, acha ikauke kabisa. Tatizo likirudi baada ya siku chache, utepe umelika, na hapo ni kubadilisha analogi nzima. Ina miguu 14 ya kulehemu, na bodi nyingi zinafia hapo: mtu anavuta kabla lehemu haijayeyuka yote, njia za shaba zinabanduka. Kama huna pampu ya kunyonya lehemu, usijaribu.

Mzee wa Tekken
Pedi nzima, TV mbovu, bado utapigwa. Tekken, gemu ya kupigana, inakwenda fremu (picha) 60 kwa sekunde, yaani fremu moja ni kama milisekunde 17. Ngumi ya haraka ya wahusika wengi inafika fremu ya 10. Adui akirusha pigo ambalo ukilizuia anabaki nyuma fremu 10, ngumi hiyo ni haki yako na hawezi kuikinga. Utamu wa Tekken uko hapo hasa: kuyajua mapigo ya mwenzako na kumwadhibu papo hapo.

Sasa TV inayochelewesha picha milisekunde 100 imekula fremu 6. Unaona nafasi, kumbe imeshapita. Washa hali ya gemu (Game Mode) kwenye mipangilio ya picha, zima kila kinacholainisha mwendo. PS2 kwenye flati huchelewa kwa sababu TV inaikuza picha kwanza. Mwenye TV ya chogo asiitupe.

Mdau wa Bando
Na online je? Mchezaji anaganda, halafu anaruka hatua tatu.

Mtandao Kwanza
Hiyo ni ping inayoyumba, yaani muda wa taarifa kwenda kwenye seva na kurudi, kwa milisekunde. Ping ya 120 iliyotulia inazoeleka, unabonyeza pasi mapema kidogo. Inayoruka kutoka 60 hadi 300 haizoeleki kwa yeyote. Tumia waya, ukikosa, wifi ya 5 GHz ukiwa chumba kimoja na ruta. Simamisha masasisho ya mashine na ya simu zote za nyumbani kabla ya mechi.

Fundi Pedi
Umeme ukikatika PS4 ikiwa inahifadhi, ikakwama kuwaka vizuri: izime, shikilia kitufe cha kuwasha kama sekunde 7 mpaka mlio wa pili, unganisha pedi kwa waya, chagua namba 5 kwenye orodha inayotokea, kujenga upya hifadhidata. Gemu zako hazifutiki. Namba 7 usiiguse, inafuta kila kitu.

Beki Tatu
Nirudi kwenye kosa la mchezaji mwenyewe. Kwenye gemu za mpira, FIFA na EA Sports FC, magoli mengi yanatoka kwa sababu mtu kamtoa beki wa kati kwa R2 (kitufe cha kukimbia kwenye pedi ya PlayStation) kufuata mpira, akaacha shimo nyuma. Mwache beki mahali pake. Chukua kiungo kwa L1, shikilia L2 umkabili adui bila kuruka, bana R1 mwenzako wa pili asogee kumbana. Kitufe cha duara, cha kupokonya mpira, ubonyeze pale tu mpira unapoachana na mguu wake. Ukibonyeza mapema, mchezaji wako ananyoosha mguu hewani na adui anapita.