Kikundi cha Ukoo: Bango la Duka

Kaka Mkubwa: Asalaam aleikum wanaukoo. Fundi wa bango anakuja Jumamosi. Niandike "Tangu 1961"?

Dada Arusha: Waleikum salaam. 1961 ni Uhuru kaka, si duka 😂

Babu Mdogo: Duka lilikuwepo kabla. Nilikuwa natumwa duka la jumla na noti zenye picha ya malkia.

Dada Arusha: Shikamoo babu. Noti hizo si zilitumika mpaka 1966, tulipopata shilingi yetu?

Babu Mdogo: Marahaba. Haya, basi usiku wa Uhuru marehemu kaka aligawa peremende bure. Angezigawa bila duka?

Dada Arusha: Hapo umenishinda 🙌

Shangazi: Na mwaka lilipofungwa mnauweka wapi?

Mjomba Kijana: Lilifungwa??

Shangazi: 1976, Operesheni Maduka. Wakati huo duka liko kijijini bado, Kondoa mjini hatujafika. Amri ikaja kwamba maduka ya watu binafsi vijijini yafungwe, wananchi wanunue duka la ujamaa. Baba akabeba kila kitu ndani. Magunia ya chumvi yakaingia chini ya kitanda changu, na kitanda chenyewe kilikuwa kifupi, basi nalala miguu imekunjwa. Duka la kijiji nalo likakaa na majembe na viberiti, mafuta ya taa hamna. Baadaye amri ikalegezwa, lakini baba alishasema kijijini harudi. Ndiyo asili ya duka la mjini.

Kaka Mkubwa: Hii sikuijua kabisa.

Babu Mdogo: Utaijuaje, ulikuwa hujazaliwa. Na 1976 ni cha mtoto. Kilichomzeesha ni 1983, msako wa wahujumu uchumi, Sokoine Waziri Mkuu. Bidhaa zenyewe mnapata RTC, kampuni ya biashara ya mkoa, kwa kibali, ukibakiwa na katoni mbili unaitwa mlanguzi. Watu walitupa mali porini usiku. Kaka alizika sabuni kwenye banda la mbuzi.

Mjomba Kijana: Ikawaje?

Babu Mdogo: Mvua ikanyesha. Asubuhi mbuzi wanatembea kwenye povu.

Dada Arusha: 😂😂😂 jamani

Shangazi: Mnacheka, mama alilia siku hiyo. Ile ilikuwa mtaji.

Shangazi: Mwaka uliofuata bajeti ikaruhusu watu kuagiza bidhaa nje kwa fedha zao. Akaja Rais Mwinyi, Mzee Ruksa, rafu zikajaa tena. Hayo mengine mnayajua.

Kaka Mkubwa: Kwa hiyo bango?

Shangazi: Andika 1976.

Babu Mdogo: Mwaka wa kufungiwa ndio tuutangaze?

Shangazi: Ndio uliotuleta mjini. Bango linatundikwa mjini.

Kaka Mkubwa: Sawa shangazi. Nimempigia fundi. Halafu stoo nimekuta daftari la madeni la zamani, nipige picha kurasa niwatumie?

Babu Mdogo: Usithubutu. Baba mkwe wako yumo ukurasa wa pili.