Kole ya UV kwenye ukingo wa DVD haikauki, shida iko wapi?

Swali (Bukavu)
Jambo wakubwa. DVD za kwaya zinafunguka ukingoni, sahani mbili zimeachana, ufa unaingia ndani kama milimita 3. Nimeingiza kole ya UV (inayokauka kwa mwanga wa urujuanimno) ya vioo vya simu, nikamulika dakika 5 kwa taa ya UV ya kukaushia rangi ya kucha, upande unaong'aa. Juu inanata, ndani bado ni maji. Nibadilishe kole ao taa?

Jibu 1
Mukubwa, kwanza geuza sahani. DVD ya tabaka moja ni sahani mbili za polikaboneti (plastiki ngumu angavu), kila moja mm 0.6, na alumini iko kwenye sahani ya chini, kabla ya kole. Ukimulika upande unaong'aa, alumini inarudisha mwanga karibu wote. Mulika upande wa juu, ikiwa wino wa picha haukufunika kila mahali. Kiwandani wanapenyeza mwanga kwenye alumini kwa taa kali mno, ya kucha haiwezi.

Kunata ni shida ingine: oksijeni ya hewa inazuia kole ya akriliki kukauka juu. Funika ukingo kwa karatasi ya plastiki angavu, mulika tena, kisha pangusa na alkoli ya isopropili. Asetoni hapana! Inapasua polikaboneti.

Jibu 2
Mbele ya yote, nakili data. Weka kasi ya 2x ao 4x. Kwa 16x sahani inapita mizunguko 9,000 kwa dakika, na iliyofunguka inaweza kupasuka ndani ya mashine. Programu ya ddrescue inaruka sehemu mbovu na kuzirudia baadaye.

Data inaanzia katikati kwenda nje, na haipiti mm 58 toka kitovu. Ukingo uko mm 60. Kwa hiyo kati ya milimita zako 3, moja tu inagusa eneo la data, na kama DVD haikujaa, huenda hakuna kitu pale.

Muulizaji
Aksanti sana. Picha imechapwa juu yote, rangi ya bluu nzito.

Jibu 1
Basi mwanga utaingia kwa ubavu tu. Nyonya kole mbichi kwa karatasi laini bila kupanua ufa, maana ikikaa ndani inashambulia polikaboneti. Vaa glavu, inawasha ngozi. Kisha weka tone jembamba, lisipite mm 2 ndani, bana kidogo, mulika ukizungusha sahani. Ukibana sana inapinda, na lenzi haitaisoma vizuri.