Amekata mshipi wangu samaki akiwa ndoanani, kisha akasema "Hongwe tu huyo, mzee"

Mvuvi wa Jioni:

Wakuu, naandika haya mikono ikiwa bado inanuka chambo, kwa sababu nikingoja hadi kesho nitakuwa nimepoa, na sitaki kupoa. Jina lake sitalitaja. Kila aliyewahi kushika mshipi hapa Bagamoyo anamfahamu: ni yule bwana mwenye fimbo ya kuvulia iliyo ndefu kuliko mlingoti wa jahazi, na redio ambayo sauti yake ingetosha kuwaamsha waliolala makaburini Kaole.

Leo jioni, pale gatini, huyo bwana amekata mshipi wangu kwa kisu. Samaki alikuwa bado yuko ndoanani. Baada ya kukata alifuta kisu kwenye suruali, akanitazama, akasema: "Hongwe tu huyo, mzee."

Hongwe, yule samaki wa matopeni mwenye ndevu! Hakumwona. Hakuna kiumbe chini ya jua aliyemwona samaki yule, ila yeye tayari alishampa ukoo na kabila.

Nieleze maji yalivyokuwa, ili mjue ni dhuluma ya kiwango gani. Tuko katikati ya msimu wa upepo wa kaskazi. Mvua za vuli zimekwisha, Ruvu imepungua, na yale matope ya Uluguru ambayo wakati wa masika huigeuza bahari yetu kuwa chai ya maziwa hayapo. Mto ukiwa mdogo namna hii, maji ya chumvi hupanda mlangoni na kuingia hadi ndani ya vijito vya mikoko, kamba na mkizi wadogo huingia nayo, na kolekole na mzia, samaki wawindaji, huwafuata. Juu ya hayo, leo ni siku ya pili baada ya mwezi mpevu, kwa hiyo ni bamvua lenyewe, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida. Maji yalianza kujaa kabla ya adhuhuri na yalitarajiwa kusimama kwenye saa 11:30 jioni. Saa ya mwisho ya maji kujaa, ikikutana na jua linaloshuka, ndiyo saa ambayo mtu mwenye akili huacha hata chai yake mezani. Pwani hii ina kina kifupi mno, na maji yakitoka unatembea kwa miguu mahali ambapo asubuhi ungezama. Hiyo ni sababu mojawapo iliyowafanya Wajerumani wahamishe makao yao makuu kwenda kwenye bandari ya Dar es Salaam mwaka 1891. Mjerumani hakuweza kuyangoja maji. Mimi niliyangoja.

Samaki alipokuja hakuguguna. Alichukua chambo kwa mkupuo mmoja, kamba mzima wa kutoka mikokoni, akaondoka nacho kuelekea Unguja. Mshipi ukapita chini ya mshipi wa yule bwana, ikatatizana. Kila mvuvi anajua kwamba mwenye samaki huvuta na mwenzake hulegeza. Yeye alitoa kisu, akachagua mshipi ulio na samaki, akauacha wake usio na kitu, akakata wangu. Kisha: "Hongwe tu huyo, mzee."

Ningependa kujua kama kuna hata mtu mmoja hapa anayeona kwamba ile ilikuwa sawa.

Chubwi Zito:

Pole sana, mkuu, ingawa wahenga walikwisha kukuandikia shairi lako: hasira za mkizi ni tijara ya mvuvi, na leo mkizi ni wewe. Hata hivyo nina swali dogo. Samaki aliyeondoka kuelekea Unguja kwa kasi hiyo alikuwa na tiketi ya boti?

Mzee wa Mbegani:

Mleta uzi ametoa maelezo mazuri ya maji, lakini amesahau upepo. Kipindi hiki kaskazi huzidi nguvu alasiri, na kwa kuwa ufukwe wetu umeelekea huko huko unakotoka, mawimbi madogo madogo huyakoroga matope ya chini hata kama mto hauleti kitu. Kufikia saa kumi maji ya karibu na ufukwe huwa yameshachafuka, na maji yaliyochafuka ni karamu ya hongwe, ambaye hutafuta chakula kwa ndevu na kwa harufu wala hana haja ya kuona. Sisemi kwamba yule bwana alifanya haki. Nasema tu kwamba huenda alisema kweli.

Mvuvi wa Jioni:

Mzee wangu, shikamoo, na kwa heshima zote nakataa. Uchafu unaousema hukaa ufukweni. Kule kwenye ncha ya gati, maji yanapojaa, yanayofika ni maji ya nje, ya kijani, na leo niliiona chubwi yangu, ile risasi ya kuzamishia mshipi, ikishuka hadi ikapotea kwa sababu ya kina wala si kwa tope. Pili, hongwe akishika huzama, hujitikisa kichwa, huku akikuvuta kuelekea chini. Huyu alikwenda pembeni, kwa kasi, bila kuzama. Ni tabia ya kolekole, na kolekole mwenye heshima zake. Na hata angekuwa hongwe, alikuwa hongwe wangu! Nani alimpa mamlaka ya kuamua kwamba hongwe hastahili kuvutwa? Nikifumba macho namsikia: "Hongwe tu huyo, mzee." Hilo "tu" ndilo litakalonizuia kulala.

Mama wa Dunda:

Mimi huuza samaki wa kukaanga, na naomba hongwe asitukanwe hapa. Ukimtoa ile miiba mitatu mapema kabla haijakuchoma, ukampika kwa nazi na ukwaju, anakwenda na ugali kuliko huyo kolekole wenu mnayemwota. Kinachoniudhi mimi ni wavuvi wa gatini kwa ujumla wao, akiwemo mleta uzi, ambao huvua jioni nzima bila barafu, humweka samaki juani katika joto hili la kaskazi, kisha magharibi huja kwangu na kitu kilichokwisha kulegea tumbo na kutaka bei ya samaki wa alfajiri. Nikimbonyeza kidole kikabaki na shimo, mnasema mimi ndiye mchoyo.

Chubwi Zito:

Mama, huyo bwana wa redio hukuletea nini?

Mama wa Dunda:

Huyo hajavua siku zote. Huja kununua.

Mvuvi wa Jioni:

Naomba jibu la Mama lisomwe mara mbili. Hununua! Mtu anayenunua samaki ndiye aliyekata samaki wangu!

Mwana Pangani:

Ndugu zangu wa Bagamoyo, mnagombea mto ambao angalau bado unaleta maji. Njooni Pangani muone. Maji ya kwetu huanzia Kilimanjaro na Meru, lakini kabla hayajatufikia yamekwisha kupita katika mashamba na katika mabwawa ya umeme. Hale ipo tangu mwaka 1964, na New Pangani Falls ikaongezwa mwaka 1995. Matokeo yake ni kwamba wakati wa kiangazi chumvi hupanda mto hadi mahali ambapo wazee wetu walichota maji ya kunywa. Kwa mvuvi wa mshipi hilo si baya lote, maana nimepata samaki aina ya changu mahali ambapo sikutarajia kupata chochote isipokuwa kambare. Kinachotutesa ni kivuko. Ukitupa mshipi karibu na gati la upande wa mjini, kila kinapovuka kwenda Bweni hukoroga kila kitu, abiria wanakupungia mkono, na wewe unaanza upya. Ninyi mnaye mtu mmoja mwenye kisu, sisi tuna chombo kizima cha chuma.

Kijana wa Mikokoni:

Kisu na kivuko vyote ni mzaha mtupu mbele ya kokoro. Wenzetu wanaogombania ncha ya gati hawajui kwamba samaki wao wanazaliwa huku mlangoni mwa Ruvu, na kwamba kuna watu, nao tunawajua sote, wanaokokota nyavu za matundu madogo kwenye kingo za mikoko maji yanapopwa, wakizoa chaa wa ukubwa wa kidole na kamba ambao hawajafika hata wiki chache za maisha yao. Kokoro ni marufuku, lakini usiku marufuku hulala. Halafu mikoko yenyewe inakatwa kwa ajili ya nguzo na kuni za kuchemshia chumvi. Mwaka huu maji yamekuwa safi na bamvua limekuwa zuri, lakini vijitoni siwaoni mkizi niliokuwa nikiwaona zamani wakirukaruka alfajiri.

Mzee wa Mbegani:

Kijana amesema neno zito. Niongeze kwamba watu wengi huenda vijitoni kwenye bamvua kwa tamaa, wakasahau kwamba maji hupwa kwa kasi ile ile yaliyojaa nayo, na mtumbwi hukwama topeni kwa saa kadhaa katikati ya mbu. Anayetaka vijito aende siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, wakati maji hayaendi mbali wala hayakimbii. Gati ndilo la bamvua.

Mvuvi wa Jioni:

Nashukuru kwa michango yote, lakini naona mikoko, kivuko na barafu vimepata wafuasi wengi kuliko mshipi wangu. Narudia: alikuwa na mishipi miwili mbele yake, mmoja una samaki na mwingine hauna kitu, akakata ule wenye samaki.

Chubwi Zito:

Tumekusikia, mkuu. Tuambie jambo lenye faida: kesho maji yanasimama saa ngapi?

Mvuvi wa Jioni:

Yatachelewa kiasi cha dakika arobaini kuliko leo, kwa hiyo ni baada kidogo ya saa 12 jioni, karibu kabisa na magharibi. Nakujibu kwa sababu maji hayana kosa.

Mwana Pangani:

Hiyo ni saa nzuri kweli. Kama isingekuwa mbali ningekuja.

Chubwi Zito:

Basi kesho tukutane gatini, na kila mtu aje na chambo chake. Nasema hivi kwa sababu kuna mwenzetu mmoja, wa upande wa ngazi, anayefika kila jioni na ndoana tupu, akaomba "kamba mmoja tu wa kuanzia", na hadi jua linazama amekula nusu ya kopo langu. Jina lake sitalitaja.

Mama wa Dunda:

Huyo wa kopo tunamjua sote, na ananidai chenji ya tangu Ijumaa.

Kijana wa Mikokoni:

Chenji? Mimi namdai ndoana tano na chubwi moja.