Kununua nyumba ya kustaafia Pwani ya Kenya kabla ya kufika huko

Swali: Mwalimu wa Mbale

Ndugu zangu, salaam. Mwakani ninatimiza miaka 60 na kustaafu utumishi wa umma. Mimi na mke wangu tumekuwa tukifikiria kuhamia mahali penye joto na bahari, kwa sababu baridi ya huku kwenye miteremko ya Mlima Elgon imeanza kumsumbua magoti. Kupitia kwa jamaa yetu anayefanya biashara Busia, tumeunganishwa na dalali wa Kikambala, katika Kaunti ya Kilifi, ambaye ametuonyesha kwa video za simu nyumba ya vyumba vitatu ambayo haijakamilika, iliyo kwenye kiwanja cha robo ekari, mwendo mfupi kutoka ufukweni. Bei yake iko chini ya tuliyotarajia, na ukiilinganisha na viwanja vya pembezoni mwa Kampala, inavutia sana. Dalali anasema kuna wanunuzi wengine, na anataka tulipe asilimia 10 kabla ya mwisho wa mwezi ili atushikie.

Hatujawahi kufika Pwani; mimi nimeishia Nairobi. Mke wangu anasema tusitoe hata senti kabla ya kupakanyaga mahali penyewe. Mimi naona kwamba nauli na malazi ya watu wawili ni fedha ambazo zingenunua saruji, na kwamba hati ikiwa safi, kufika si lazima. Tena sisi ni raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa hiyo nadhani haki zetu za ardhi hazitofautiani sana na za Mkenya. Ninaomba ushauri wa wenye uzoefu.

Jibu la kwanza: Wakili, Kampala

Mwalimu, nianze na hilo la mwisho, kwa kuwa ndilo linalowapoteza Waganda wengi. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika mwaka 2010, haikuwapa raia wa nchi wanachama haki sawa ya ardhi. Kifungu chake cha 15 kinasema kwamba upatikanaji na matumizi ya ardhi vitaongozwa na sera na sheria za kila nchi. Kwa Kenya, sheria hiyo ni Katiba ya 2010, ambayo kifungu chake cha 65 kinamruhusu asiye raia kumiliki ardhi kwa njia ya kukodi tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Hata ukipewa karatasi inayosema umiliki wako hauna kikomo, Katiba inaihesabu kuwa ya miaka 99 na si zaidi. Hilo lisikushtue, maana nasi hapa Uganda tunamwekea mgeni mpaka uleule wa miaka 99.

Linalopaswa kukushtua ni aina ya ardhi yenyewe. Viwanja vingi vya ukanda ule vilikatwa kutoka katika mashamba, na kama kiwanja hicho bado kimeandikishwa kuwa ardhi ya kilimo iliyo chini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, bodi hiyo inatakiwa kukataa uhamisho kwenda kwa asiye raia, isipokuwa Rais atoe msamaha maalumu. Mauzo yasiyo na idhini ya bodi ni batili, haidhuru umelipa kiasi gani. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei, uliza matumizi ya ardhi yaliyoandikishwa na kama yamebadilishwa rasmi kuwa makazi.

Sasa turudi kwenye hati “safi”. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kesi ya Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa, iliyohusu kiwanja cha ufukweni Nyali. Kampuni hiyo ilikuwa na hati mkononi, lakini mahakama ilitazama jinsi ardhi ilivyogawiwa hapo mwanzo, mwaka 1989, ikaona kwamba ugawaji ule haukuwa halali kwa sababu eneo lilikuwa limetengwa kwa matumizi ya umma, na hati ya mnunuzi wa baadaye haikumkinga. Maana yake kwako ni kwamba haitoshi wakili kusoma daftari la msajili na kuona jina la muuzaji. Ni lazima afuatilie ardhi hiyo kutoka mmiliki wa kwanza, hasa inapokuwa karibu na bahari, na wakili huyo awe na leseni ya Kenya na asiwe yule aliyeletwa na dalali.

Jibu la pili: Mzaliwa wa Tororo, sasa Mtwapa

Shikamoo Mzee. Wakili amesema kweli, ila kuna mambo ambayo hakuna daftari linaloyaonyesha. La kwanza ni watu. Huku Kilifi na Kwale kuna mgogoro wa miaka mingi kati ya wenye hati, ambao wengi hawakuwahi kuishi hapa, na wenyeji ambao familia zao zimelima na kuzikana juu ya ardhi hiyohiyo bila karatasi yoyote. Hao ndio wanaoitwa maskwota. Wewe unayetoka Uganda unajua habari za mwenye hati ya mailo (umiliki wa ardhi usio na kikomo) na mwenye kibanja (anayekaa na kulima juu ya ardhi hiyo bila hati), kwa hiyo sihitaji kueleza sana. Tofauti ni kwamba kwetu kibanja kinatambuliwa na sheria, lakini huku utakabidhiwa hati nzuri, kisha ukute makaburi na minazi ya watu nyuma ya ukuta wako. Video ya dalali haitaelekezwa upande huo. Ukifika, zungumza na mzee wa mtaa na majirani bila dalali kuwepo, na uulize ardhi hiyo ilikuwa ya nani kabla ya kukatwa viwanja.

La pili ni nyumba yenyewe, na hapa ndipo ninapohofia zaidi. Nyumba isiyokamilika karibu na bahari huwa na nondo zilizoachwa wazi, na kwa hewa ya chumvi huliwa na kutu haraka kuliko unavyozoea huko Mbale. Vilevile wako mafundi wanaochanganya zege kwa maji ya kisima yenye chumvi, au kwa mchanga wa ufukweni usiosafishwa, ili kupunguza gharama. Kutu huanzia ndani, na nyufa huonekana baada ya rangi kukauka na fedha kulipwa. Mhandisi akigonga nguzo na kuchukua kipande cha zege atakuambia mengi. Simu haiwezi.

Uliza pia maji yanatoka wapi. Maji ya bomba hukauka mara kwa mara, visima vingi vina chumvi, na anayenunua maji ya gari kila wiki hukuta pensheni imekwisha kabla ya mwezi. Tena, kwa kuwa barabara kuu ya Mombasa kwenda Kilifi imekuwa ikipanuliwa, usikubali kuambiwa tu kwamba kiwanja kiko nje ya eneo la barabara. Mpima ardhi aliyesajiliwa akuonyeshe mawe ya mipaka.

Kuhusu joto, Mzee, mwambie Mama kwamba magoti huenda yakapata nafuu, lakini Februari na Machi huku usiku hakulaliki bila feni, na Mei mvua za masika hugeuza njia za ndani kuwa matope. Ushauri wangu ni mkodi nyumba hapa kuanzia Februari mpaka Mei ipite, ndipo mzungumze habari za kununua.

Jibu la tatu: Afande mstaafu, Jinja

Nawaheshimu wote, lakini naona kufika kunatukuzwa kupita kiasi. Watu niliowaona wakitapeliwa walikuwa wamefika. Walikwenda Desemba, wakapelekwa na dalali kwenye gari lenye kiyoyozi, wakala samaki, upepo wa kaskazi ukawapuliza, wakalipa wakiwa bado kwenye likizo. Ambaye hajafika huwa na woga, na woga huo humfanya aajiri wakili. Kwa hiyo simuungi mkono mama kwa sababu aliyoitoa, ingawa nakubali kwamba asilimia 10 isitolewe sasa. Na suala la kukodi kwanza ni jema, lakini lina gharama, na mwalimu ana mafao ya mara moja tu.

Jambo ambalo hakuna aliyeligusa ni sarafu. Pensheni yako italipwa kwa shilingi ya Uganda. Mapema mwaka 2024 shilingi ya Kenya iliimarika kutoka karibu 160 hadi karibu 130 kwa dola katika muda wa wiki chache, na mstaafu aliyekuwa akipokea fedha kutoka kwetu aliamka akiwa maskini zaidi bila kununua kitu. Hesabu matumizi yenu kwa bei mbaya ya kubadilishia fedha, wala si kwa bei ya siku mliyoonyeshwa nyumba.

Mwalimu wa Mbale

Nimewasikia, na nimemwonyesha mke wangu, ambaye anacheka. Nina maswali mawili. Je, tukiwa na nyumba, tutaruhusiwa kukaa moja kwa moja? Na kama dalali atasisitiza tulipe asilimia 10, fedha hizo zikae wapi?

Wakili, Kampala

Nyumba haikupi kibali cha kukaa. Itifaki inalinda ukaazi wa aliyekwenda kufanya kazi au kufungua shughuli zake, na mstaafu hayumo waziwazi katika makundi hayo. Kenya ina kibali cha daraja K kwa wasiofanya kazi, kinachodai umri usiopungua miaka 35 na kipato cha uhakika cha dola 24,000 kwa mwaka. Linganisha na pensheni yako kabla ya jambo lingine lolote. Wengine huishi kwa kuingia kama wageni na kutoka muda unapokwisha, jambo ambalo mtu wa miaka 75 hatalipenda.

Asilimia 10 ni desturi ya kawaida ya mauzo Kenya, lakini hulipwa mkataba unapotiwa sahihi, na hukaa kwa wakili kama amana mpaka mauzo yakamilike, kwa kawaida ndani ya siku 90. Hailipwi kwa dalali “kushikia”. Mwandikie leo kwamba mnahitaji nakala ya hati na namba ya kiwanja ili wakili wenu afanye uchunguzi. Akisema hawezi kutoa namba kabla ya malipo, mtakuwa mmeokoa nauli ya Mombasa. Na ongeza jambo moja katika mazungumzo yako na mama: nyumba iliyoko Kenya hurithiwa kwa sheria ya Kenya, kwa hiyo watoto wenu watalazimika kwenda katika mahakama ya huko, waulizeni kama wanaitaka.