Wagosi wa Barabara ya Kumi na Nne

*Ijumaa*

Katibu: Assalaam aleikum wanamtaa. Taarifa za timu. Mwalimu kaaga, kapata kazi shule moja Muheza, asema mpira sasa atautazama kwenye runinga. Mipira imebaki miwili na mmoja una uvimbe. Ada ya ligi ya mkoa yaja na mfukoni tuna shilingi 41,500.

Babu Kipa: Waaleikum salaam. Uvimbe si neno, sisi tulidaka mipira yenye nundu kama ng'ombe wa Handeni. Mwalimu ndiyo hasara.

Dulla Beki: Mwalimu aliondoka moyoni siku ile tuliyotolewa kwa matuta na wale wa Pongwe. Sijui mwashangaa nini.

Ami Baiskeli: Wewe uliyepaisha ndiye wa kusema?

Dulla Beki: Ami, siku ile kusi lilikuwa lavuma

Ami Baiskeli: Kusi lilivuma kwa wapigaji kumi, likambeba wako tu.

Mama Mahamri: Katibu, katika hiyo 41,500 mna 10,000 yangu ya mahamri mliyokula siku ya mechi ya mwisho. Semeni 31,500.

Katibu: Bi Mkubwa, deni lako nimeliandika.

Mama Mahamri: Wapi? Kwenye lile daftari lililoliwa na mchwa?

Katibu: Mchwa wamekula miaka ya nyuma tu. Ukurasa wako mzima.

Mama Mahamri: Mchwa wana adabu.

Katibu: Jingine. Yuko mtia nia mmoja wa udiwani, ataka kutupa jezi seti nzima, bure. Ila ziwe na sura yake.

Babu Kipa: Kifuani ama mgongoni?

Katibu: Kasema tuchague.

Babu Kipa: Mgongoni basi. Hawatamwona kabisa, maana timu yetu haimpiti mtu.

Dulla Beki: 😂😂 Babu unatuua

Ami Baiskeli: Msikubali. Leo jezi, kesho mwaambiwa mkashangilie mkutanoni na kiangazi hiki.

Katibu: Nimwambie nini?

Ami Baiskeli: Mwambie tunafikiri.

*Jumamosi*

Shafii Dar: Wagosi mko macho? Winga wetu auzwa Uarabuni! Redio asubuhi hii wamesema dola 100,000. Karatasi sijaiona, nawapa ya redioni kama nilivyoisikia.

Mama Winga: Ni kweli wanangu. Kanipigia alfajiri. Bei hakunitajia, kaniambia mama niombee nipite vipimo.

Mama Mahamri: Alhamdulillah shoga yangu! Yule mtoto aliyekuwa akinikopa kitumbua!

Dulla Beki: Da Mama Winga hongera 🔥🔥🔥

Ami Baiskeli: Tanga hii mwaidharau bure. Mwamnyeto alitoka Coastal Union yetu 2020, kaenda Yanga mpaka kawa nahodha. Sopu naye, akiwa Coastal hiyo hiyo, fainali ya Kombe la Shirikisho 2022 pale Arusha, kawapiga Yanga matatu peke yake. Tatu kwa tatu, tukaja kufa kwa matuta. Hakukaa sana akawa mtu wa Azam.

Dulla Beki: Hata Coastal hufa kwa matuta. Nasema tu.

Ami Baiskeli: Wao walikosea fainali. Wewe ulipaishia uwanja wa shule, mbuzi wakikutazama.

Babu Kipa: Nisikilizeni, maana mimi ndiye niliyemwona kwanza. Mwaka ule mbaya, 2016. Coastal, African Sports na Mgambo JKT, zote tatu zikashuka Ligi Kuu msimu mmoja. Mkoa mzima usiachiwe hata timu moja! Tanga ikaweka matanga. Mimi niliyeona Coastal ikibeba ubingwa 1988 nikaapa sikanyagi tena uwanja wa Mkwakwani. Jioni nikawa nakaa na kiti changu pale uwanja wa shule, natazama watoto. Ndipo nikamwona, miguu peku, ndiyo kwanza katoka mtihani wa darasa la saba. Kampita beki, kamngoja, kampita tena. Nikamwita Katibu nikamwambia huyu mwandike leo leo kabla hajaonwa.

Katibu: Kweli. Nikamwandika siku ile ile.

Babu Kipa: Akakaa nasi mpaka 2019, wakaja wakamchukua.

Shafii Dar: Babu, hapo hapo. Alikuwa na fomu ya usajili ama alikuwa akicheza ndondo tu?

Katibu: Fomu ilikuwapo. Tulicheza ligi ya wilaya, huchezi bila fomu.

Shafii Dar: Basi kaeni vizuri. Mchezaji akiuzwa nje ya nchi kabla ya mkataba wake kwisha, asilimia 5 ya bei hukatwa ikagawiwa klabu zilizomlea. FIFA huiita mgao wa mshikamano. Yahesabiwa tangu msimu aliotimiza miaka 12 hadi wa miaka 23. Misimu ya miaka 12, 13, 14 na 15, kila mmoja robo ya asilimia moja ya bei. Kuanzia 16, nusu asilimia kila msimu. Jumlisheni wenyewe, yatimia 5.

Ami Baiskeli: Klabu zilizomlea ni Ligi Kuu hizo. Sisi wa mchangani twaingiaje?

Shafii Dar: Twaingia. Hawatazami ukubwa wa klabu, watazama usajili. Hata kilabu cha watu kumi na tano na mpira wenye uvimbe.

Dulla Beki: Mbona alipochukuliwa hapa Tanzania hatukupewa kitu?

Shafii Dar: Huu mgao wa FIFA ni wa mauzo ya kuvuka mpaka. Timu ya hapa ikimuuzia ya hapa, na waliomlea wa hapa hapa, haupo.

Ami Baiskeli: Piga hesabu mwanangu, wacha darasa.

Shafii Dar: Misimu minne kwa robo ni asilimia moja. Ya 100,000 ni dola 1,000. Tuseme dola ni 2,500 kwa wepesi. Shilingi milioni mbili na nusu.

Mama Mahamri: Milioni!

Ami Baiskeli: Nilidhani milioni mia mbili na hamsini. Haya, si haba. Ada ya ligi, mipira sita, nyavu, na mwalimu twamrudisha kutoka Muheza kwa gari ya kukodi.

Dulla Beki: Na viatu vya mabeki

Babu Kipa: Na glavu.

Ami Baiskeli: Na yule mtia nia aende na sura yake.

Mama Mahamri: Mwasahau 10,000 yangu. Hizo fedha zapita kwa nani?

Shafii Dar: Hazipiti mkononi mwa mtu, Bi Mkubwa. Tangu 2022 FIFA wana chombo chao cha malipo kiko Paris. Timu inayonunua yalipa huko, wao ndio wagawao.

Mama Mahamri: Basi Paris waandikiwe deni la mahamri.

Shafii Dar: Sasa kazi. Winga akishaandikwa kule, mtandao wa FIFA watoa pasi yake ya uchezaji, yaani orodha ya kila klabu aliyosajiliwa. Sisi hatumo, maana usajili wetu wa 2016 ulikuwa wa kalamu. Klabu iliyoachwa ina siku 10 kuomba iingizwe, kupitia TFF, shirikisho letu la mpira, na ushahidi mkononi. Kisha watatukagua. Cheti cha Msajili wa vyama vya michezo kipo?

Katibu: Kipo. Kiko ukutani kwa kinyozi.

Shafii Dar: Kwa kinyozi kwa nini?

Katibu: Ndiyo ofisi yetu tangu paa la ofisi ya kwanza livuje.

Shafii Dar: Akaunti ya benki kwa jina la klabu?

Katibu: Ipo pia. Ila mwenye saini ya pili yuko Pemba tangu 2021, simu yake yaita tu haipokewi.

Ami Baiskeli: Nina shemeji Wete, atatafutwa mpaka apatikane. Kwa milioni mbili na nusu hata chini ya mkarafuu atatolewa.

Shafii Dar: Na fomu zenyewe?

Katibu: 2017 mpaka 2019 ndizo walizokula mchwa. Ya 2016 nina hakika niliiweka mbali. Nipeni leo na kesho.

Mama Winga: Katibu, usijisumbue sana.

Katibu: Si sumbuko hili Da, ni haki ya mtaa.

Dulla Beki: Samahani wakubwa. Nimefungua mtandaoni hapa. Winga wameandika kazaliwa 2006.

Ami Baiskeli: Enhe?

Dulla Beki: 2016 alikuwa na miaka 10. Shafii kasema hesabu yaanza 12. Kwa hiyo 2016 na 2017 hazimo. Twabaki na misimu miwili. Dola 500.

Babu Kipa: Miaka 10 nani? Alikuwa katoka mtihani wa la saba!

Dulla Beki: Babu, ndivyo walivyoandika

Babu Kipa: Waliandika wakiwa wapi? Mimi nilikuwapo. Mtoto ana kidevu chaanza kuota, sauti imevunjika. Miaka 10 alikuwa mdogo wake, yule aliyekuwa akimshikia viatu.

Ami Baiskeli: Babu asema kweli, la saba akiwa na miaka 10 angetangazwa redioni kwa akili hizo.

Mama Winga: Jamani tuyaache haya kwanza. Mtoto bado hajapita hata vipimo.

Babu Kipa: Hatuyaachi Da. Hii robo robo twaibiwa. Katibu, tafuta fomu, ndiyo itakayosema.

*Jumapili*

Katibu: ALHAMDULILLAH. Nimeipata!! Ilikuwa kwenye bahasha ya bili za maji. 2016, picha imegandishwa, muhuri wa chama cha mpira wilaya upo, dole gumba lipo, na nakala ya cheti cha kuzaliwa imebanwa nyuma. Someni tarehe wenyewe. Naitanguliza hapa, kesho naipeleka TFF.

Katibu: *Ujumbe huu umefutwa*

*(Hapa chini ni yaliyosemwa kabla haijafutwa)*

Babu Kipa: Si niliwaambia! 2003! Miaka 13 kamili!

Ami Baiskeli: Babu hasahau kitu. Kofia nakuvulia.

Dulla Beki: Kumbe kwa 2003 twapata zaidi. 2019 alikuwa na 16, ule wahesabiwa nusu. Asilimia 1.25. Zaidi ya milioni tatu!!

Mama Mahamri: Dulla.

Dulla Beki: Naam

Mama Mahamri: Hebu soma tena mwanangu. Kule mtandaoni umesoma ngapi, na hapa umesoma ngapi.

Dulla Beki: 2006 na 2003

Dulla Beki: oh

Shafii Dar: Katibu, ifute picha. Futa kwa wote, si kwako peke yako.

Katibu: Kwa nini? Ndiyo ushahidi.

Mama Winga: Katibu kaka yangu. Nakuomba.

Katibu: Nimeifuta. Samahani Da.

Shafii Dar: Kuna aliyeihifadhi? Simu nyingine huhifadhi zenyewe.

Ami Baiskeli: Nimeitoa.

Dulla Beki: Nimetoa na mimi

Babu Kipa: Mimi sikuihifadhi, sijui hata pa kubonyeza.

Ami Baiskeli: Kikundi kina watu 63. Yule kijana wa redio yumo bado?

Mama Mahamri: Alijitoa Ramadhani, kwenye ule ugomvi wa futari.

Ami Baiskeli: Ugomvi wenye heri.

Mama Winga: Sikumpunguza umri mimi. Waliomchukua walikuja na karatasi zimeshajazwa. Nikawaambia mbona mwaka si wake. Wakaniambia mama, wataka mtoto acheze au wataka kuhesabu miaka? Nikatia saini. Tangu siku ile akitajwa redioni na umri wake mimi nageuza kituo.

Mama Mahamri: Hapana aliyekuuliza shoga yangu.

Babu Kipa: Nimeuliza mimi. Jana nimeuliza sana. Nisamehe.

Mama Winga: Babu, wewe ndiye uliyemnunulia viatu vya kwanza.

Katibu: Shafii, haiwezekani tukaenda na 2006 yao? Tuombe hiyo misimu miwili, dola 500, fomu tusiioneshe.

Shafii Dar: Kwa ushahidi gani? 2018 na 2019 wamekula mchwa. Hii ndiyo karatasi tuliyo nayo. Tukiipeleka, klabu yapata milioni tatu, yeye akosa mkataba na kufungiwa juu.

Ami Baiskeli: Na mashahidi? Mtaa mzima utasema alicheza hapa.

Shafii Dar: Mtaa mzima utaulizwa alikuwa na umri gani.

Babu Kipa: Kwa hiyo hatukumlea.

Shafii Dar: Kwa karatasi, Babu.

Babu Kipa: Sawa. Hatukumlea.

Ami Baiskeli: Yule mtu wa Pemba aachwe alale basi. Nimeshamwambia shemeji, sijui nitamrudishaje.

Katibu: Fomu niichane?

Mama Winga: Usiichane. Nipe mimi. Picha yake ya umri ule sina hata moja.

Katibu: Nakuletea baada ya magharibi.

Mama Mahamri: Pita kwangu kwanza, kuna mahamri ya kumpelekea. Haya si ya deni.

Dulla Beki: Mazoezi kesho yapo au hayapo? Mwalimu hatuna

Babu Kipa: Yapo. Saa kumi na moja alfajiri, Raskazone, mchangani. Nitakaa na kiti changu. Wewe wapiga matuta ishirini, upepo uwepo usiwepo.

Katibu: Na mtia nia kanipigia sasa hivi, ataka jibu la jezi leo.

Ami Baiskeli: Mfuko una ngapi vile?

Mama Mahamri: 31,500.

Babu Kipa: Mwambie mgongoni.